Kidevu cha Bahubali

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeimeza sanamu kuanzia nyayo hadi kiunoni, ukaacha kifua na kichwa vikielea juu ya bustani ya Raichand kule Plymouth, jimbo la Minnesota, Marekani. Maurice, fundi wa mawe, alisimama juu ya jukwaa la umeme, patasi mkononi, akahisi uso ule unamtazama. Akajiambia ni baridi ya Oktoba tu, akavuta kofia masikioni, akaendelea kusugua.

Maurice alikuwa Mkisii wa Tabaka, huko ambako mtoto huchezea jiwe laini kabla hajajua kushika kijiko. Huku Minnesota karakana moja ya Fridley ilimpa kukata mawe ya meza za jikoni na ya makaburini, basi. Miaka yote alitamani kitu kimoja: kuacha duniani kazi moja ambayo watu wataitazama wakanyamaza. Ndipo akaja Raichand, tajiri wa viwanda, muumini wa dini ya Kijaini, mzaliwa wa Nairobi aliyekimwaga Kiswahili cha mtaani kwao Ngara bila kusita. Alitaka Bahubali wa itale, mara tatu ya kimo cha mtu: yule mwana wa mfalme aliyeshinda vita, akautupa ufalme, akasimama uchi akitafakari mpaka mimea ikamtambaa miguuni. Raichand alipenda kusimulia jinsi wafalme na majemadari wa Uhindi ya kale walivyosimamisha miamba kama hiyo, majina yao yakadumu kuliko majumba yao. Pale pa kuutupa ufalme alipapita harakaharaka.

Kwanza alitaka jina lake lichongwe miguuni. Haya, hilo halikuwa geni. Kisha, sherehe ya kuitakasa sanamu kwa maziwa ikikaribia, akamvuta Maurice kando, akamwomba kwa sauti ya chini atie kishimo kidogo kidevuni, kishimo kama chake. Maurice alijua haifai. Raichand mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba uso wa mtakatifu hauna mwenyewe. Lakini alikuwa ameahidiwa hekalu zima la kuchonga. Akapiga moyo konde, akachonga.

Siku moja kabla ya sanamu kumwagiwa maziwa aliletwa Hansaben, mamake Raichand, kikongwe aliyebakiwa na mwanga kidogo tu machoni. Akaomba apandishwe aishike. Maurice akapanda naye taratibu. Vidole vya kikongwe vikapita kwenye paji, kope, midomo. Vilipofika kidevuni vikasimama.

"Huyu nimemnyonyesha mimi," akasema kikongwe.

Raichand, chini kule, akacheka, akasema hakuna mtu atakayegundua.

"Mimi nisiyeona nimegundua." Kisha akamgeukia fundi. "Maurice, mwanangu. Kesho nikimwaga maziwa, nitakuwa namwabudu nani? Niambie kweli. Kishimo hiki kinaweza kuondolewa?"

Kingeweza. Kupunguza kidevu chote kwa unene wa ukucha, kukisugua hadi jioni, na kishimo kingetoweka bila kuacha kovu. Maurice alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Akatupa jicho chini. Raichand hakuwa akicheka tena.

"Hakiwezi, Mama," akasema. "Jiwe hili si kama la kwetu."

Kikongwe akaitikia kwa kichwa. Alimwamini, na Maurice aliona haya hata kuushika mkono wake wakati wa kushuka.

Kesho yake bustani ikajaa. Maombi yakasomwa, maziwa yakamiminwa kutoka juu, yakateremka usoni, yakatuama kidevuni, yakawa yanadondoka hata baada ya ndoo kwisha. Wageni wakanong'ona kwamba sanamu kama inapumua. Mmoja akamtazama Raichand, akaitazama sanamu, akaziba mdomo. Kiti cha Hansaben kilikuwa kitupu. Mwongoza ibada akamweleza Maurice kwa upole kwamba tangu sasa chuma kisiiguse tena. Sanamu iliyotakaswa ikitiwa patasi huhesabiwa imevunjika, na iliyovunjika haiabudiwi, hutoswa majini. Maurice akainua macho, akakitazama kidevu.

Hapo Raichand akamjia, uso umemshuka. Mamake hajatia kitu kinywani tangu jana, alisema, na hataki kuongea na mtu ila fundi.

Chumbani mapazia yalikuwa yamefungwa. Hansaben alikaa kitandani, mapajani bakuli dogo la maziwa aliyokuwa ameyatenga kwa ajili ya sherehe, mkono mmoja juu ya kitambaa kilicholifunika. Maurice akapiga magoti. Kwenye ngazi alikuwa ameapa kusema yote, liwe liwalo.

"Nimefikiri sana," akasema kikongwe. "Labda jana ulimwogopa mwanangu. Hata mimi humwogopa. Sasa hayupo hapa. Kishimo kile kinaweza kuondolewa? Kama kinaweza, nitayanywa maziwa haya, nitangoja. Nikifa nikingoja, si neno."

Akaanza kulifunua bakuli, kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

"Hakiwezi, Mama," akasema Maurice, na safari hii ilikuwa kweli.

Kikongwe akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa Maurice, paji, kope, kama alivyompapasa Bahubali. Vidole vilipofika mashavuni vikakuta maji, vikasimama hapo kwa muda mrefu. Kisha akauondoa mkono, akaufuta kwenye sari yake, akalifunika tena bakuli.