Kilo Sitini na Moja

Saa moja kasoro asubuhi, benchi la nje ya chumba namba nane lilikuwa limeshajaa. Watu walivua viatu, wakasokomeza soksi ndani yake, wakatoa funguo na simu mifukoni. Chumba hicho kilikuwa na sheria moja: hupandi mizani na kitu ambacho si mwili wako. Dereva mstaafu, wa kwanza kwenye foleni, alimwomba muuguzi ampime kabla hajacheka, kwa sababu akicheka anaongezeka. Muuguzi alimwambia kilichoongezeka kwake ni maneno, na maneno hayana kilo. Benchi zima likacheka, wengine wakikohoa.

Ndani, daktari alikuwa anafuta mizani kwa kitambaa chenye spiriti. Wenzake walimwita Daktari wa Mizani. Walianza kwa dhihaka, kwa kuwa mtaalamu wa moyo alitegemewa kutafiti mashine kubwa, si kitu kinachouzwa dukani. Wagonjwa walilisikia jina wakalipenda, likabaki.

Kazi yake ilikuwa hii. Moyo uliochoka hausukumi damu inavyotakiwa, na maji hubaki mwilini. Huanza miguuni, hupanda, na yakifika mapafuni mtu huzama akiwa amelala juu ya kitanda chake. Kwa miaka mingi daktari aliwatibu watu wakaruhusiwa, na baada ya wiki chache akawapokea tena wodini wakitweta. Akaona kwamba mizani huyasema maji siku kadhaa kabla pumzi haijakatika. Miaka kumi na miwili sasa alikuwa akitafiti jambo hilo hilo: mgonjwa ajipime kila alfajiri, aandike kwenye daftari, na akiona ameongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, ameze kidonge cha pili cha kukojoza na apige simu. Mizani zilikuwa chache, kwa hiyo majirani wanne walitumia moja. Iliamka nyumba hii ikazungukia ile, na aliyemaliza aliipeleka kwa mwenzake kabla hajanawa uso.

Wagonjwa arobaini na wawili walikuwa kwenye utafiti wa mwisho. Kila Ijumaa walimtumia muuguzi namba zao kwa simu, na kila baada ya wiki sita walikuja kupimwa hapa. Ripoti ilikuwa imeshachapwa, mwenyekiti wa kamati alikuwa ameiona jana, na namba zilikuwa nzuri kuliko daktari alivyothubutu kutumaini. Saa nane mchana kamati ya utafiti ya hospitali ingekutana. Ikiipitisha, utaratibu huo ungepelekwa kwenye kila kliniki, hata zile zisizo na daktari wa moyo.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama mshonaji, aliyepishwa na dereva kwa kuwa alikuwa anatweta. Aliingia ameshikwa mkono na mwanamke ambaye hakuwa ndugu yake, bali alikuwa amekaa naye tu benchini. Soksi za mama zilikuwa zimemkata ngozi. Muuguzi alipiga magoti, hakuzivuta, akachukua mkasi na kuzichana taratibu huku akimwahidi nyingine. Walimpandisha mizani. Kilo sitini na nane.

Daktari alifungua daftari la mama. Sitini na moja. Juzi, sitini na moja. Siku arobaini, kilo sitini na moja kila siku, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya nguo za watu.

Alidhani mizani imeharibika. Akapanda yeye mwenyewe, akaona uzito wake ule ule wa siku zote. Akabonyeza mguu wa mama mshonaji kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Mama," alisema, "hizi namba ulizitoa wapi?"

Mama mshonaji alitaka kujibu, pumzi ikamkatalia. Wakamlaza kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa, wakamwekea oksijeni, muuguzi akamchoma sindano ya kukojoza. Mfagiaji wa korido, bila kutumwa na mtu, alileta kitambaa cha kumzibia dirisha lililokuwa likimpiga jua usoni. Baada ya kama saa moja hivi aliweza kusema maneno manne manne.

Alisema kwamba siku ya kliniki iliyopita, daktari akiwa ndani, mkaguzi wa kamati alipita pale benchini na faili lake. Aliwaambia kwamba utafiti ukionyesha wagonjwa wanaongezeka, chumba kitafungwa na daktari atahamishwa, na wao watarudi kwenye foleni kubwa ya chini. Alipoondoka walijadiliana.

"Tukasema, daktari wetu hawezi kuanguka kwa sababu ya miguu yetu," alisema mama mshonaji. "Kila mtu aandike namba yake nzuri. Tulidhani ripoti imeondoka jana. Tulitaka leo tukwambie, tukuombe radhi."

"Na kidonge cha pili? Ulipoona umevimba?"

"Ningemezaje cha pili, mwanangu, wakati daftari linasema sijavimba?"

Muuguzi aligeukia ukutani, akajifanya anapanga glavu.

Daktari hakumkemea. Alimfunika miguu, akatoka, akasimama mbele ya benchi. Aliwaeleza kwamba amejua, kwamba hamfukuzi mtu, na kwamba anaomba kila aliyeandika namba ya kumsaidia ainue mkono. Dereva mstaafu akawa wa kwanza kuinua wake, akisema kwamba yeye alimsaidia kilo tatu tu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mikono ikafika kumi na tisa. Alipowapima wote, sita kati yao walilazwa siku hiyo hiyo.

Saa tano alikaa kwenye kompyuta akaandika upya. Alizitoa namba kumi na tisa kwenye hesabu. Wagonjwa waliobaki ishirini na watatu walikuwa wameendelea vizuri kweli, lakini ni wachache, na hakudai zaidi ya hapo. Kisha akaongeza aya ya nne, sentensi tatu tu: kwamba wagonjwa kumi na tisa waliandika uzito usio wa kweli, kwamba walifanya hivyo baada ya kutishwa na mkaguzi wa kamati, na kwamba kwa hofu hiyo waliacha kumeza kidonge cha pili, na sita wamelazwa.

Saa saba alimpelekea ripoti mwenyekiti wa kamati ofisini kwake. Walisoma chuo pamoja, na mwenyekiti alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai. Alisoma mpaka aya ya nne, akavua miwani.

Alimweleza kwa upole kwamba ripoti ya jana ilikuwa safi. Wagonjwa husahau, hukosea kuandika, hayo ni ya kawaida kila mahali. Akitaka, awatoe hao kumi na tisa kimya kimya, aseme wameacha kuhudhuria. Lakini mkaguzi ni mtu wa kamati, na kamati haiwezi kupitisha karatasi inayoisema yenyewe.

"Futa aya ya nne, dada yangu. Nakutilia sahihi sasa hivi, tunywe chai."

"Haifutiki."

"Miaka kumi na miwili, Dokta. Kwa sentensi tatu?"

"Kliniki zitakazochukua kazi hii zitakuwa na wakaguzi pia," alisema daktari. "Zikipata namba bila aya ya nne, watu watakufa na madaftari mazuri. Mama wa watu yuko kule juu na oksijeni puani kwa sababu alinionea huruma. Sasa nimwandike kwamba ameacha kuhudhuria?"

Mwenyekiti alirudisha miwani. Sauti yake ilikuwa ya ofisi sasa. Alisema ripoti ya namna hiyo hatairuhusu iingie kwenye kikao, na kwamba chumba namba nane kinahitajika kwa matumizi mengine kuanzia Jumatatu. Daktari alisimama, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa.

Hakurudi wodini. Alishuka masjala. Desturi ilikuwa mwenyekiti aione ripoti kwanza, aiguse kwa kalamu yake, ndipo masjala ipokee. Lakini hiyo ilikuwa desturi tu. Kanuni yenyewe, aliyoisoma miaka ile alipoanza, ilisema mtafiti yeyote anaweza kuwasilisha ripoti yake, na ikishapewa namba haitolewi mpaka isomwe na wajumbe wote.

Karani wa masjala alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alitazama ukurasa wa mwisho, akaona hakuna sahihi. Akamtazama daktari.

"Mkubwa kaiona?"

"Kaiona. Kaikataa."

Mzee alirudi ukurasa wa kwanza akaanza kusoma, kidole kikipita chini ya kila mstari. Daktari hakumharakisha. Alipofika aya ya nne kidole kilisimama, kikarudi mwanzo wa aya, kikapita tena. Nyuma ya daktari watu wawili walikuwa wanangoja, na mmoja wao, kwa kumwona amechoka, alimsogezea kiti.

Mzee alichovya muhuri kwenye wino, akagonga. Akaandika namba kwenye daftari kubwa, akaandika namba ile ile juu ya ripoti, akagonga nakala, akampa nakala yake.

Simu ya mezani ililia. Mzee aliiinua, akasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia ndiyo, ndiyo mkubwa, naelewa mkubwa.

"Imeshapokelewa, mkubwa," alisema mwishowe. "Namba mia mbili na nne. Hapana, haitoki. Ndiyo, ni mimi niliyeipokea. Jina langu unalijua."

Akaweka simu taratibu.

"Usisimame hapa, mama," alisema mzee. "Kikao cha saa nane ni cha wote, wajumbe ni tisa, na yeye ni mmoja. Nenda kaingie, kaa mbele wakuone."