Mafundo ya Mwihaki

Mwihaki alikuwa mfumaji wa mablanketi ya sufu, na nyumba yake pale mtaa wa Munyaka, Eldoret, uliijua kwa harufu kabla hujabisha hodi: manyoya ya kondoo yaliyoloweshwa, moshi, na maganda ya vitunguu aliyochemsha kutoa rangi ya manjano. Ufundi aliutoa kwao Nyeri, kwa masista, kabla hajaolewa. Mumewe Zachariah alikuwa seremala, na ndiye aliyemtengenezea mashine ya kufumia, ya mbao tupu, pana kama kitanda cha watu wawili. Iliijaza sebule hata wageni wakawa wanakaribishwa jikoni.

Akiwa kwenye mashine hiyo hakutaka kuitwa. Mahali ambapo mtu mwingine angeona nyuzi tu, yeye aliona njia ya ng'ombe, au mlima uliochimbwa na mvua, au mgongo wa mtu aliyeinama kupalilia. Aliweza kufumua kazi ya wiki nzima kwa sababu rangi ya kahawia ilikuwa imelala vibaya karibu na nyeusi.

Mwaka ule wa themanini na tatu mama yake, Nyakio, alikuwa akiishi naye, mgonjwa wa kifua. Mwihaki alimfumia blanketi zito lenye mistari inayopinda, njia za ng'ombe za kule alikozaliwa yule mama, na Nyakio akawa anakaa kando ya mashine akilifuata kwa kidole likikua. Lilipokwisha tu, Esther Murunga akaja kuliazima. Esther alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ambacho Mwihaki alikuwa mwanachama wake. Alisema ni la kupeleka kwenye maonyesho Nairobi, na litarudi kabla ya baridi.

Halikurudi. Kilichorudi ni picha gazetini: Esther amelikumbatia blanketi, na chini yake maneno kwamba huyo ndiye mfumaji stadi kutoka Eldoret. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa amemzawadia mkubwa fulani blanketi lile. Nyakio alikufa mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, amefunikwa blanketi jembamba la dukani. Siku zake za mwisho alikuwa bado anauliza njia zake ziko wapi.

Baada ya mazishi Mwihaki alimwendea Esther nyumbani kwake, Kimumu. Alimkuta akipanga vikombe kabatini. Esther hakugeuka.

"Kazi ya kikundi ni ya kikundi, Mwihaki," alisema. "Mimi ndiye najua watu. Wewe ni mikono tu."

Mwihaki alirudi kwake kwa miguu. Kugombana hangeweza, maana mume wa Esther, Johnstone, alikuwa karani wa baraza la mji, na vibanda vya kando ya barabara, kama kile cha Zachariah, vilisimama au kuanguka kwa kalamu yake. Alinyamaza. Waliomwona wakasema Mwihaki ni mtu wa Mungu, amesamehe.

Sikukuu za Jamhuri zilipopita, mji ukaanza kujiandaa kwa Krismasi. Maduka yalining'iniza makaratasi ya kumetameta, watu wakabeba mafungu ya nguo kwenda stendi, wengine wakielekea Kakamega, wengine Murang'a. Kikundi nacho kilipanga mauzo ya Krismasi katika ukumbi wa kanisa, na mgeni wa heshima angekuwa mke wa Waziri Msaidizi, kutoka Nairobi. Mgeni huyo alikuwa ameona ile picha ya gazeti. Alituma habari kwamba angependa kumwona Bi. Murunga akifuma.

Basi Esther akaja Munyaka, na safari hii alikubali kukaa jikoni. Alieleza anachotaka: blanketi lenye jogoo, alama ya chama tawala, lifumwe lote, kibaki kilemba cha jogoo peke yake. Hicho angekimalizia yeye mbele ya mgeni, kisha blanketi likatwe kwenye mashine na kutolewa zawadi papo hapo.

"Unionyeshe tu vile uzi unapita," alisema. "Nipitishe mara tatu nne, watu wapige makofi."

Mwihaki alisema sawa. Alimwongezea na chai.

Namalwa, jirani yake na mwanachama mwenzake, alimkuta siku zilizofuata akifanya kazi kama mtu anayemfumia bwana arusi. Alisokota nyuzi upya, akachemsha rangi nyekundu mara mbili ili iive. Jogoo alitoka na kifua kilichotuna, mkia umewaka, jicho la kutazama watu. Namalwa alimuuliza mbona anajichosha hivi kwa ajili ya yule mwanamke. Mwihaki akajibu kwamba kazi ya chuki inataka mkono mtulivu kuliko kazi ya mapenzi. Namalwa alicheka, akidhani ni mzaha.

Kwenye mashine ya aina hiyo, nyuzi za urefu, zile ambazo nguo yote huzishikilia, hufungwa nyuma kwenye gongo, moja moja. Fundo likishika, zinakaza kama ngozi ya ngoma. Mashine ilipopelekwa ukumbini kwa mkokoteni, Mwihaki aliomba aachwe peke yake airekebishe. Alifungua mafundo yote, akayafunga tena kwa fundo la uongo, la kufungia mbuzi kizembe, ambalo likivutwa kwa nguvu linaachia. Kwa macho hungetofautisha. Alivuta kiti, akakaa nyuma kabisa ya ukumbi, mikono mapajani.

Mgeni alifika, nyimbo zikaimbwa, hotuba zikatolewa za kuishukuru serikali. Esther aliketi kwenye mashine, kitambaa kipya kichwani. Akapitisha uzi mara ya kwanza, akavuta chanuo la kuukaza. Makofi. Akapitisha tena, akavuta kwa nguvu zaidi, kwa kuwa makofi yalimnogea. Nyuma ya mashine fundo moja likaachia, halafu la pili, halafu yote yakafunguka kwa sauti kama ya mvua inayoanza kwenye mabati. Nguo ililegea ikamwangukia magotini. Shingo ya jogoo ikafumuka mbele ya watu wote.

Mgeni hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba hayo ni ya kawaida katika kazi, Bi. Murunga afunge tu, wao watangoja.

Esther alishika uzi mmoja, akauacha. Akashika mwingine. Hakujua unakotoka wala unakokwenda. Jasho lilimtoka puani, na alipoinua macho akamwona Mwihaki kule nyuma, ametulia, akimtazama kama mtu anayetazama chungu kikichemka.

"Ni huyu," Esther akasema, akimnyoshea kidole. "Ni yeye amefunga vibaya, ameniharibia kwa makusudi. Yeye ndiye hufunga, yeye ndiye hufuma yote, mimi sijawahi hata kugusa hii kitu!"

Maneno yalipomtoka ndipo akayasikia. Mtu mmoja alikohoa. Mgeni aliuliza polepole ni nani basi aliyefuma lile blanketi la gazetini, lenye mistari. Wanawake wote mia wa ukumbi ule walikuwa wamegeuka kumwangalia Mwihaki.

Alisimama. "Lilikuwa la mama yangu," alisema, akakaa.

Furaha hiyo aliilipia. Kabla ya jioni vijana wa chama walikuwa wamemfuata nyumbani kumuuliza alikuwa na maana gani kumvunja jogoo shingo mbele ya mke wa waziri. Wakamkabidhi kwa polisi, akalala mahabusu hadi mkesha wa Krismasi, akitetea jambo lile lile: fundo limeteleza. Alipoachiliwa alikuta kibanda cha Zachariah kimebomolewa, misumari imetapakaa mtaroni.

Zachariah hakumpigia kelele. Siku ya Krismasi walikula ugali na sukuma wiki, na alipomaliza kunawa akasema, "Ungeniuliza kwanza. Kibanda kilikuwa changu."

Kwa hilo Mwihaki aliumia, na akamwomba msamaha yeye, yeye peke yake. Padri alipomshauri aende Kimumu wakapatane kabla mwaka haujaisha, alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema hapana.

Mwezi wa pili walihamia Cheptiret, ambapo Zachariah alipata nafasi nyuma ya duka la Nderitu, mtu wa kwao. Mashine ilikaa barazani, na wasafiri wa barabara ya Nakuru wakawa wanasimama kuangalia. Alifuma njia za ng'ombe tena, lakini hazikutoka kama zile za kwanza, na blanketi la kwanza hakuliona tena.

Krismasi iliyofuata Namalwa alishuka kumtembelea, na kuku mkononi. Alikuwa na habari. Esther alikuwa ameng'olewa uenyekiti. Kwenye mkutano wa kikundi mtu alimletea uzi na kumwomba afunge fundo moja tu, wanawake wakacheka hadi akatoka bila mkoba wake. Siku hizi anasali kanisa la mbali.

Mwihaki aliuacha uzi ukining'inia. Alileta kiti karibu, akamjazia Namalwa kikombe, akakaa amemwelekea uso kwa uso.

"Anza tena," alisema. "Huyo aliyeleta uzi alikuwa nani, na alikuwa amesimama wapi?"