Masanduku ya Ngendo

“Ngai! Ondoa hayo majeneza kwa geti yetu!”

Madam Idah alipiga kelele majirani wote wakisikia. Ndiye mwenyekiti wa ploti ile ya nyumba za kupanga, mtaani Kahawa Sukari, na ndiye aliyeniagiza masanduku sita ya maua ya kupanga nje ukutani. Nilikuwa nimeleta mawili ya kwanza.

Uso uliniwaka, maana hakukosea. Miaka minne nilifanya kazi kwa Kinuthia, kule Thika karibu na mochari, na kwa Kinuthia hatukuunda kingine ila majeneza: mapana mabegani, membamba miguuni. Mkono ulishazoea. Hata masanduku ya maua niliyapunguza upana upande mmoja bila kujua.

Nilipomuaga, Kinuthia alicheka akajishika kiuno. “Wewe Ngendo, mkono wako ni wa maiti. Walio hai watakununulia nini? Wiki haitaisha, utakuwa umerudi hapa kuniomba kazi.”

Nirudi? Thubutu! Nilitoa drili ya betri, nikapindua sanduku pale pale getini.

“Angalia, Madam. Baba yangu nilimzika kwa jeneza nililolipiga randa mwenyewe, kwa hivyo usinifundishe jeneza. Jeneza halitobolewi chini. Hili nalitoboa kwa sababu kitakachokaa humu kinakunywa maji.”

Matundu manane. Nikaliinua juu ya matofali, hewa ipite chini mbao zisioze, nikajaza udongo na kupanda maua ya jeranium. Sanduku la pili nikalifanya vivyo hivyo. Sikujali nani ananiona.

Siku hizi karakana ni yangu, hapa Ruiru. Kila Januari, jua likiwa kali, mimi huenda Kahawa Sukari nikazibua matundu yale kwa msumari, nikasugua mbao kwa msasa na kuzipaka mafuta upya. Watu bado hunong’ona wakipita. Wanong’one mpaka wachoke.

Siku ile, nilipomaliza, Madam Idah aliingia ndani, akarudi na jagi la maji, akamwagilia maua polepole, kisha akachutama kuchungulia chini ya sanduku. Maji yakamdondokea kwenye ndara.

“Yale mengine manne,” akasema bila kuinuka, “utayanyoosha pande?”

“Hapana.”

Akainuka, akachukua jagi. Kisha akaenda kuleta maji ya sanduku la pili.