Paa la Gari la Mkubwa

Gari lile tulilipata kwa mtumbwi wetu. Tulitoa mtumbwi, tukachukua gari, na tangu siku hiyo hatukuwa na njia ya ziwani.

Ilikuwa Juni 1972. Baba yangu, Mzee Tambwe, muuza samaki wakavu, alichukuliwa sokoni Rumonge mwezi wa tano, mizani ikiwa bado mkononi. Hakuna aliyetuambia kosa lake. Walimfungia kwenye ghala la zamani la pamba pamoja na wengine. Kila Jumamosi asubuhi kamiyo, lori la askari, ilikuja, ikapakia watu, ikaondoka nao, na hakuna hata mmoja tuliyemwona tena. Waliobaki ghalani walingoja Jumamosi nyingine.

Kaka yangu Radjabu alikuwa fundi wa mota za mitumbwi. Alifahamiana na Sylvestre, shoferi wa yule mkubwa aliyeshika funguo za ghala. Siku moja Sylvestre alikuja kwetu, akakataa kukaa, akasema akiwa mlangoni.

"Patroni hachukui vitu vya watu. Yeye anapewa."

"Apewe nini?" Radjabu akauliza. "Tuna samaki, tuna mawese."

"Samaki!" Akacheka. "Anataka kile kigari cha yule Mgiriki, kile cha paa la kukunja. Tarehe moja Julai Uhuru unatimiza miaka kumi, na yeye anataka kuingia Bujumbura akikiendesha. Kila tukipita pale ananiambia nipunguze mwendo atazame. Lakini vile kiko, hawezi kukipanda. Watamcheka."

"Na Baba?"

"Jina la mzee naweza kulisukuma chini kwenye karatasi ya wanaopakiwa. Mara mbili. Jumamosi ya tatu siwezi."

Mgiriki alikuwa ameondoka mwezi uliopita, akamwachia gari mpishi wake, Généreuse. Tulikwenda kwake, Mama, Radjabu na mimi. Gari lilikuwa chini ya michikichi kando ya nyumba, na Mgiriki mwenyewe aliacha kuliendesha miaka mingi. Mashazi ya chikichi yalikuwa yameliangukia mvua hata mvua, likabonyea mbele na nyuma kama sufuria ya kijiji. Rangi ilibanduka. Kuku walilala ndani yake. Panya walikula viti, na lile paa la kitambaa, linalokunjwa nyuma kama mwavuli, lilikuwa limebaki vipande vya kuning'inia. Lakini Radjabu alifungua mbele, akasafisha huku na huku, na mara ya tatu injini ikakubali, ikanguruma vizuri. Nilimwona kaka yangu anafuta machozi na mkono wenye grisi.

"Iko nzima," akasema. "Ni uso tu ndio umeharibika."

Généreuse alikuwa amesimama na watoto wake wawili, amewavalisha nguo zao zote, moja juu ya nyingine.

"Mimi gari nitalipeleka wapi?" akasema. "Barabarani kila baada ya hatua iko kizuizi. Nipeni mtumbwi wenu, niende Kongo na hawa."

Mtumbwi ule ndio uliotulisha. Na sisi pia tulikuwa tumeshawaza kuvuka.

"Mtumbwi unavuja upande wa kulia," Mama akasema mwishowe. "Chukua kopo la kutolea maji."

"Murakoze, Mama," akashukuru.

Wakapanda siku ileile. Hatukupata habari zao.

Kabla ya Jumamosi ya tatu tulikuwa na wiki mbili na siku chache. Radjabu aligonga mabati kutoka ndani kwa nyundo ya mti. Rangi aliipaka Lukeba, jirani yetu kutoka Uvira, mpaka rangi wa mitumbwi, mtu wa maneno mengi. Aliziba mashimo, akasugua bati kwa kipande cha tofali na maji hadi likawa laini kama shavu, kisha akapaka kijani cha mitumbwi.

"Likikauka hili," akasema, "hata samaki watatoka majini kulitazama."

Mama na mimi tulijaza viti sufi na kuvishona upya. Paa nilipewa mimi, kwa sababu mkono wangu unajua sindano. Nilifumua lile bovu kipande kwa kipande, nikakata turubai kwa kulifuata, nikashona kwa uzi wa nyavu. Lilikaa kwenye vyuma vyake bila kukunjamana. Shida ilikuwa rangi. Turubai lilikuwa la kufunikia magunia ya chumvi, lina madoa na viraka, na gari la mkubwa haliwezi kuvaa gunia.

"Tunalitia weusi," Lukeba akasema. "Lami imekwisha madukani, lakini masizi yapo na mawese yapo. Changanya, paka, basi."

Mimi nimechemsha mawese tangu nilipoacha shule darasa la nne. Mawese hayakauki. Asubuhi yanaganda, mtu akadhani yamekauka. Jua likipanda yanatoka jasho. Tena nilijua weusi wa kweli unatoka wapi. Wanawake wa kwetu wanaosuka mikeka huchemsha ukindu na maua ya migomba, kisha huuzika kwenye tope jeusi la bondeni, na weusi ule hautoki mpaka mkeka unaoza. Nilimnong'oneza Mama.

"Wewe utamfundisha Lukeba rangi?" Mama akasema. "Mutoto wa kike, mbele ya wanaume? Mwache, anatusaidia bure."

Mimi watu wakinitazama maneno yanarudi tumboni. Nikachukua kitambaa, nikapaka masizi na mawese kama nilivyoambiwa, mara tatu. Jumamosi mbili zilikuwa zimepita. Jina la Baba lilikuwa limesukumwa chini mara mbili.

Jumatano gari lilipelekwa. Radjabu aliendesha, Lukeba akakaa kando yake amenyoosha shingo, na mimi nikafuata kwa miguu na kikapu cha chakula cha Baba. Nilipofika uani kwa mkubwa, gari lilikuwa limesimama juani, paa limefungwa, linang'aa kiasi kwamba hata askari walikuwa wanajitazama mlangoni mwake. Mkubwa alikuwa bado ndani. Tulingoja. Jua likafika utosini.

Nilisogea nikachungulia dirishani. Kwenye mshono wa katikati, ule nilioushona kwa mkono wangu, tone jeusi lilikuwa linajikusanya. Likaanguka kwenye kiti. Nyuma yake likaja jingine.

Mkubwa akatoka. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, mpya, ya siku ya Uhuru. Mshonaji alikuwa bado anamfuata na pini mdomoni. Alizunguka gari mara moja, akalipapasa ubavuni. Akatabasamu kama mtoto. Akashika kitasa.

Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Usiingie, patroni!"

Wote wakageuka. Radjabu alinitazama kama mtu aliyechomwa.

"Nani huyu?" mkubwa akauliza.

"Dada yangu, patroni. Biasha. Ana haya, hajui kusema."

"Amesema sasa hivi."

"Paa linachafua," nikasema, macho yangu chini. "Linatoa jasho."

Mkubwa akafungua mlango polepole, akaingiza mkono, akagusa kitambaa kwa ndani. Kidole kilitoka cheusi, na pembeni ya weusi kulikuwa na wekundu wa mawese. Akakitazama. Kisha akaja akakifuta kwenye shati la kaka yangu, kifuani, taratibu, mpaka kikatakata.

"Kwa hiyo mlitaka nishuke mbele ya watu nikiwa hivi," akasema. Hakupandisha sauti. "Sylvestre, mzee wa hawa ni yupi?"

"Tambwe, patroni. Wa samaki."

"Jumamosi."

Akageuka kurudi ndani. Ilikuwa imekwisha. Mtumbwi umekwenda, gari tumelileta wenyewe hadi mlangoni kwake, na Baba anapanda kamiyo baada ya siku tatu. Lukeba alikuwa ameshika kichwa. Sijui nilitoa wapi maneno. Mimi sikuwa nimewahi kusema uongo, kwa kuwa hata ukweli nilikuwa siusemi.

"Baba ndiye anajua!"

Akasimama. "Anajua nini?"

"Tope, patroni. Iko tope jeusi linaingia kwenye kitambaa halitoki, hata ukichemsha. Kazi yake hiyo. Sisi tumejaribu bila yeye, ndiyo maana tumeharibu."

Mtu yeyote wa Rumonge angeanguka kwa kicheko. Mwanamume wa tope! Hiyo ni kazi ya wanawake wa mikeka, na baba yangu hajui hata ukindu unakatwa wapi. Lakini mkubwa hakuwa wa kwetu, na Sylvestre alikuwa wa milimani. Mama mmoja wa Rumonge aliyekuwa akifagia ua aliinua kichwa, akanitazama, akainama akaendelea kufagia.

Mkubwa akamgeukia Lukeba. "Wewe ndiye fundi. Ni kweli?"

Lukeba, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna mtu anayejua rangi kumzidi, aliinamisha kichwa.

"Kweli, patroni. Tambwe ni bingwa wa tope, mwambao wote hakuna mwingine. Mimi ni mtu wa mitumbwi tu. Nilijifanya."

Mkubwa alitazama gari. Akalipapasa tena ubavuni.

"Mtoeni mzee. Siku tatu," akasema. "Sylvestre atakaa nao. Jumamosi jioni, wiki moja kabla ya Uhuru, paa liwe juu ya gari. Nitapitisha kidole. Kikichafuka, mzee anapanda kamiyo inayofuata, na wewe msemaji utapanda naye."

Baba alitoka ghalani akiziba macho kwa mikono yote miwili. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya mtoto. Hakuniuliza Mama yuko wapi wala nyumba ikoje. Alipofika karibu akasema bila kufungua midomo:

"Biasha, tope gani?"

"Fanya ninavyofanya mimi, Baba."

Alhamisi tulichemsha turubai kwa maji ya majivu mpaka mafuta yakaelea juu, tukamwaga, tukachemsha tena. Mara nne. Mama alileta maua ya migomba, tukayaponda, tukalichemsha nayo hadi likawa la hudhurungi. Ijumaa alfajiri tukashuka bonde la Gatete, kando ya barabara, kwenye mafunjo. Tope la pale linanuka kama chuma. Unalizika turubai, unalikanyaga, unalitoa, unalianika, unalirudisha kwenye maji ya maua, unalizika tena. Tope halina haraka. Ukilikatisha, turubai linabaki kijivu.

Sylvestre alikaa ukingoni, amevua viatu, bunduki ya kuazima magotini.

"Mzee," akasema, "mbona bingwa ni wewe na anayeonyesha ni binti?"

"Mmeniharibu macho humo gizani," Baba akajibu, akiendelea kukanyaga. "Huyu ni macho yangu. Mimi ni kichwa."

"Kichwa kinakanyaga kama kinacheza ngoma."

"Kijana, umewahi kumwona mbuzi anamfundisha mtu kupika nyama? Nyamaza ujifunze."

Sylvestre alicheka. Lakini aliendelea kumtazama miguu, na sijui mpaka leo alijua au hakujua. Ziwa lilikuwa palepale nyuma ya mafunjo, shwari kabisa, na mitumbwi ya watu wengine imepinduliwa mchangani chini ya ulinzi. Baba aliuliza mtumbwi wetu uko wapi. Nikamwambia. Akakanyaga kwa nguvu zaidi.

Jumamosi asubuhi turubai lilikuwa limebakiza zamu moja. Tulikuwa tumelizika, tope limetufika magotini, mikono yetu myeusi hadi viwikoni. Nikasikia injini kutoka upande wa mjini. Sylvestre akasimama, akavaa viatu haraka.

"Inameni," akasema. "Fanyeni kazi."

Kamiyo ilipita juu yetu barabarani, polepole kwa sababu ya mashimo. Nyuma ilikuwa imefunikwa, na askari wawili wamekaa ukingoni. Chini ya kifuniko niliona miguu, miguu mingi iliyobanana, mmoja ukiwa na kiatu na mwenzake hauna. Hakuna aliyeita. Vumbi likashuka juu ya mafunjo na juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa nimeinama, nimemshika Baba mkono ndani ya tope, mahali ambapo hakuna mtu anaweza kuona.

Sauti ilipopotea nikamtazama. Nilifikiri nitamwona anashukuru Mungu. Alikuwa bado anaitazama barabara.

"Kila asubuhi walituhesabu," akasema. "Na Jumamosi kamiyo inachukua watu ishirini na wanane. Hawaondoki wakiwa ishirini na saba, Biasha. Nafasi yangu wamempa nani?"

Alinitazama kama ananingoja mimi, mtoto wake asiyejua kusema, nimwambie jina. Sylvestre alikuwa ametugeuzia mgongo. Nilivuta turubai kidogo kutoka topeni, nikalikamua kona moja, nikaligeuzia juani. Lilikuwa jeusi, lakini kwenye mishono bado kulikuwa na kijivu.

"Kanyaga, Baba," nikamwambia. "Bado halijaiva."

Akakanyaga.