Aliyeombewa kwa Jina

Uvumi ulimganda mama mmoja kama kupe: eti binti yake hashiki mimba, na wakwe wameanza kumtafutia mumewe mke mwingine. Shida hiyo mama alimweleza mtu mmoja tu, fundi cherehani, mwenzake wa maombi. Akamfuata.

"Dada, ni wewe?"

"Mimi sisengenyi! Niliwaambia tu akina mama kanisani tumwombee."

"Kwa jina?"

"Sasa Mungu angemjuaje?"

Mama naye alijua la binti wa fundi, tena zito zaidi. Jumapili akina mama walipompa zamu ya kuongoza maombi, ulimi ulimwasha. Akasema tu, "Baba, unatujua," akaketi akilia.

Wenzangu, epukeni haya:

Kusengenya mkiwa mmefumba macho.

Kutaja jina la asiyewatuma.

Kulipiza kisasi mkiwa magotini.