Kipimo cha Kupuliza

Zvonko Marušić, kipa wa timu moja ya soka ya Geelong, karibu na Melbourne, Australia, alikuwa na pumu tangu utotoni, na klabuni hakuna aliyejua. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuificha siku ya majaribio, akiwa na miaka kumi na sita, maana nani angemsajili kipa anayebanwa kifua? Miaka kumi na tano alikuwa akivuta dawa chooni kisha anarudi uwanjani akicheka. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kugombea namba kikosini.

Sasa korona ilikuwa imeikamata Melbourne, ligi inarudi, na timu zinahamishiwa Sydney. Basi lilikuwa linanguruma nje ya klabu. Kabla ya kupanda, kila mchezaji alitakiwa asaini fomu ya bima: akiugua au akifa, familia italipwa, akidanganya kuhusu afya yake, haipati hata senti. Mkewe Tihana, mjamzito wa miezi saba, alikuwa amekisoma kifungu hicho jikoni kwa sauti, mara mbili.

Zvonko aliogopa kweli kweli. Kwenye runinga alishaona watu wenye mapafu mazima wamelazwa kifudifudi wakitafuta pumzi. Yake yangehimili siku ngapi? Tumaini lake, la aibu, lilikuwa kipimo cha kupuliza cha kila mwaka, kinachoonyesha nguvu za mapafu. Safari zote alikuwa amekipita kwa kuvuta dawa kwanza. Leo hakuvuta. Kimuumbue, abaki nyumbani, bila yeye kufungua mdomo.

"Ingia kwa daktari, mzee!" beki wake Brodie alimpigia kelele kutoka kwenye foleni. "Au unaogopa sindano?"

Daktari wa klabu, Fiona, barakoa hadi machoni, akamsikiliza kifua. Siku hiyo kifua kilitulia tuli, msaliti mkubwa.

"Kipimo kiko wapi?" Zvonko akauliza.

"Mwaka huu hatupulizi. Kupuliza kunasambaza kirusi. Neno lako linanitosha. Una pumu?"

Zvonko akajibu huku akiandika kwenye fomu: "Hapana."

"Wewe ndiye ambaye sina wasiwasi naye kabisa. Mkeo naye asaini hapa, kama shahidi."

Tihana alikuwa anasubiri garini, kwa kuwa wasio wachezaji hawakuruhusiwa ndani. Zvonko akampelekea karatasi, naye akaisoma yote.

"Umewadanganya."

"Nikisema, mkataba ndio basi. Tutakula nini, Tihana?"

"Na ukifa je? Nimwambie mwanao baba yake alikuwa hodari wa kujificha chooni?"

Tihana akachukua kalamu, akalikata lile "hapana", akaandika kwa herufi kubwa: ANA PUMU. Akasaini chini yake.

"Haya, ipeleke mwenyewe. Nikiipeleka mimi watasema umejificha nyuma ya mwanamke."

Brodie alikwishapanda basi, anagonga dirisha na kumwita. Zvonko akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaelekea mlango wa daktari, kila hatua akitamani upepo umpokonye.