Tuta Lililotoa Tumbo

Mvua ya masika ilipokatika asubuhi ile, mjukuu wangu Happiness alipanda mlimani nyuma ya nyumba ya jirani yangu Zuhura, akaanza kupiga picha. Simu yenyewe ni hii ya kawaida tu. Alilizunguka tuta zima, ule ukingo wa udongo uliosimama nyuma ya nyumba, akapiga kutoka chini kwenye migomba, kutoka ubavuni, kutoka juu kwenye majani ya gwatemala tunayokatia ng'ombe. Anasomea upimaji wa ardhi. Alinieleza kwamba simu inazikusanya picha zote na kuzifanya kitu kimoja chenye kimo na kina, ukakizungusha kwa kidole kama unavyogeuzageuza kabichi sokoni ukitafuta palipooza.

Huku kwetu ufa kwenye tuta hauachwi. Ukiuona unaushindilia udongo na nyasi, unaukanyaga, maji yasipenye. Ndivyo tulivyofunzwa na mama zetu, na Zuhura ni hodari kutupita wote. Mvua ikikatika tu, yuko juu na jembe lake. Basi kila aliyepita pale aliliona tuta zima, halina hata mkwaruzo.

Chini ya tuta hilo, chumba cha nyuma, alilala mkwewe Tatu na kichanga chake. Arobaini ilikuwa bado. Mumewe, Salimu, alikuwa ameteremka Tanga na mzigo wa karoti.

Happiness alikaa jikoni kwangu, simu juu ya kigoda, akisubiri picha zijiunge. Kiduara kilizunguka kwenye kioo, kikazunguka. Mimi nilikuwa naangalia mlangoni, maana wingu lilishaanza kushuka kutoka msituni. Mwishowe ikatokea nyumba ya Zuhura, na bati lake lenye kutu, na migomba, na tuta. Akaitafuta picha nyingine ya namna hiyo aliyoitengeneza siku alipofika likizo, kabla mvua hazijachanganya, akailaza hii mpya juu ya ile. Nyumba ikakaa juu ya nyumba. Migomba ikakaa juu ya migomba. Tuta halikukaa. Lilikuwa limetokeza mbele kama tumbo la mwanamke aliyekaribia siku zake, likiinamia ukuta wa Tatu.

"Bibi," akasema polepole, "mlima unakuja."

Tulimkuta Zuhura anakoroga uji wa mzazi. Happiness akamwamkia, akamweleza yote. Zuhura akacheka. Akasema yeye tuta lake analijua, labda hiyo simu ndiyo yenye mimba. Nikamwomba amtoe Tatu aje kulala kwangu. Hapo kicheko kikakatika.

"Mama Sesilia, mwanamke wa arobaini havuki kizingiti, wewe unajua. Nikimtoa kwa ajili ya picha, mtoto akapata degedege, nitamwambia nini Salimu?"

Happiness alitaka kujibu, nikamfinya mkono. Matone ya kwanza yalikuwa yanagonga bati. Nikachukua simu nikampa Zuhura mwenyewe, aizungushe atakavyo.

Akafuta kidole kwenye kanga. Akalitazama tuta kutoka juu, mahali ambapo yeye huwa amesimama ameinama, hawezi kuliona lote kwa pamoja. Akaanza kuonyesha: hapa niliziba juzi, hapa jana, na hapa, na hapa. Mabaka ya udongo mpya yalionekana wazi. Kidole chake kikatoka ukingo mmoja wa tuta hadi mwingine bila kukata kona.

Uji ukaanza kuungua. Hakuna aliyeutazama.

"Kumbe ni mmoja," akasema. "Siku zote nilikuwa naziba ufa mmoja."

Akasimama. Akasema Tatu hatavuka kizingiti kwa miguu yake, atabebwa. Tukalaza godoro juu ya ngazi ya mti, tukamlaza Tatu na mwanawe kifuani, tukawafunika blanketi na turubai. Sabra wa nyumba ya juu naye akaja, tukashika pembe nne. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Zuhura alitangulia kinyumenyume, midomo ikisema bismillahi, macho yasitoke kwenye lile tuta. Tatu aliuliza mara moja kuna nini. Zuhura akamwambia anyamaze, upepo usimwingie kinywani.

Tulikuwa tunatundika kanga dirishani kwangu tuta liliposhuka. Ilikuwa kama lori linalomwaga mawe, halafu kimya, halafu bati likilia peke yake. Happiness alitoka kutazama. Aliporudi akasema chumba cha nyuma hakipo.

Zuhura alikuwa amekaa kitandani, amemshika mjukuu wake. Hakulia. Alitazama ukuta wangu wa nyuma, kisha akanitazama mimi.

"Mama Sesilia. Na wewe huko juu ya nyumba yako umeziba wapi na wapi?"

Happiness alishaanza kuvaa mabuti yangu. Nikachukua mwavuli wa kuikinga simu, nikamfuata.